Portali inasema "hajasajiliwa": je, nimedisko?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Ilemela. Novemba 2022 nilisajiliwa shahada ya uzamili, kozi na tasnifu, katika chuo kilicho nje ya mkoa wetu. Kozi nilizimaliza Septemba 2023 bila sapu (mtihani wa marudio) hata moja. Pendekezo langu la utafiti, kuhusu akina mama wanaouza dagaa, lilipitishwa Machi 2024. Nikakusanya data Kayenze na Ukerewe kuanzia Juni hadi Septemba mwaka huohuo. Januari 2025 nikajifungua. Nilimweleza msimamizi kwa simu, akasema nipumzike kwanza, tutaongea. Katikati ya mwaka akahamia chuo kingine, na mimi sikuambiwa lolote. Nina sura tatu kamili na ya nne iko nusu. Wiki iliyopita, Februari hii ya 2026, nimefungua portali nikakuta nimeandikwa "hajasajiliwa". Kanuni zetu zinasema muda wa kawaida ni miezi 24 na kwa vyovyote hautazidi miezi 48. Je, nimedisko? Na kinachoniuma zaidi: mwenzangu niliyeanza naye, yuko Magu, hajaandika hata sura moja, lakini yeye portali haimsumbui. Hii ni haki kweli?

JIBU: Marahaba mwalimu, na hongera kwa mtoto.

Hujadisko, yaani hujafutwa masomo. Nalitanguliza hilo ili usiku wa leo ulale. Kumfuta mwanafunzi si kazi ya portali, wala ya karani wa dirishani, wala ya msimamizi. Ni uamuzi wa Seneti, chombo cha juu cha taaluma chuoni, au wa kamati iliyokasimiwa madaraka na Seneti, na humfikia mwanafunzi kwa barua yenye kumbukumbu namba na tarehe. Vyuo vingi humtaka kwanza ajieleze kwa maandishi kabla ya kufika huko. "Hajasajiliwa" ni neno la mfumo tu: mwaka wa masomo umeanza, mfumo umetafuta malipo na idhini ya kuendelea, haukuona. Leseni ya duka imeisha, duka halijabomolewa.

Ila usilale siku nyingi. Kanuni nyingi zina kifungu kinachosema mwanafunzi asiyejisajili kwa kipindi fulani bila taarifa atahesabiwa kuwa ameacha masomo mwenyewe. Hapo hutafukuzwa na mtu, utakuwa umejifukuza. Kitafute kifungu hicho kwenye kanuni zenu leo, na usome toleo la mwaka uliodahiliwa, maana kwa kawaida ndilo linalokufunga.

Sasa nikueleze kilichotokea, kwa sababu naona kwenye swali lako hukielewi, na si wewe peke yako. Nimekaa kwenye kamati ya masomo ya uzamili miaka tisa. Wanafunzi niliowaona wakipotea, wachache sana walipotezwa na ugumu wa utafiti. Wengi walipotezwa na kalenda.

Umekaa mwaloni miezi minne, kwa hiyo unaijua hesabu ya dagaa. Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti kitu. Mitumbwi inapandishwa mchangani, nyavu zinashonwa, akina mama wanakunja mikono hadi giza lirudi. Hakuna anayemwita mvuvi mvivu kwa siku hizo, na wala hazihesabiwi katika siku zake za kazi. Chuo hakina mbalamwezi. Saa yake ilianza siku ile ya Novemba 2022 uliposajiliwa, na wala haikungoja pendekezo lipitishwe. Ikaendelea ulipokuwa darasani, ikaendelea pendekezo lilipolala idarani likisubiri kikao (tangu Septemba hadi Machi, karibu miezi sita!), ikaendelea ulipokuwa leba. Miezi 24 yenyewe ilikuwa imeisha tangu Novemba 2024, kabla hujajifungua. Hukuomba nyongeza. Kuanzia hapo, kwa macho ya jalada lako, hakuna mtu.

Msimamizi aliyekwambia upumzike alisema kwa wema, siwezi kumlaumu kwa moyo wake. Lakini hana uwezo wa kusimamisha saa hiyo. Kinachoweza kuisimamisha ni ombi la kuahirisha masomo lililojazwa, likapitishwa, likawekwa kwenye jalada. Neno la simu halina jalada.

Hapo ndipo mwenzako wa Magu alipokupita. Jalada lake sijaliona, ila ya namna yake nimeyaona mengi: nadhani alijaza fomu ya kuahirisha. Mwenye kuahirisha anaweza kukaa mwaka mzima bila kuandika sentensi moja na asiguswe, kwa kuwa chuo kinajua aliko. Wewe umeandika sura tatu, na chuo hakijui uliko.

Ni haki? Kama kanuni, ni haki. Inampima kila mtu kwa kilichomo jaladani. Kama utu, nina shaka. Mwanamke aliyeajiriwa, mwenye mimba, anayesoma kwa mbali, anatakiwa kukumbuka fomu wakati ambao hata jina lake anaweza kulisahau. Nilishawahi kupendekeza kikaoni kwamba likizo ya uzazi isimamishe saa yenyewe mara cheti cha hospitali kinapowasilishwa. Nilisikilizwa kwa heshima, tukaenda kwenye ajenda iliyofuata.

Kuna mambo mawili ambayo wanafunzi huyachanganya, na ukiyachanganya kwenye barua yako itarudi. Kuahirisha ni kusimama: husimamiwi, huwasilishi kazi, na kwa kawaida saa nayo inasimama. Nasema kwa kawaida kwa sababu vipo vyuo vinavyohesabu hata mwaka ulioahirishwa ndani ya ule ukomo wa mwisho. Kuongeza muda ni kinyume chake: kazi inaendelea, saa inaendelea, unaomba tu njia irefushwe. Kuahirisha huombwa na asiyeweza kufanya kazi, tena huombwa mapema. Nyongeza huombwa na anayefanya kazi ambaye hajafika, naye hutakiwa kuonyesha alichofanya. Kwako wewe, kuomba leo uahirishiwe mwaka 2025 ni kuomba saa irudishwe nyuma, na kamati nyingi hazina mamlaka hayo. Omba nyongeza. Unayo sura tatu za kuonyesha; huo ni mtaji ambao mwenzako hana.

Kabla hujaandika, isome kanuni ya nyongeza neno kwa neno. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, na tofauti kubwa iko kwenye kitenzi kimoja. Pakiandikwa kwamba mwanafunzi "atapewa", hiyo ni haki yako. Pakiandikwa "anaweza kupewa", huna haki, una nafasi ya kuomba. Nyongeza karibu zote ni za "anaweza". Kwa hiyo barua yako ni ombi. Ukiiandika kama malalamiko utakuwa umekosea mlango.

Iandike fupi. Wajumbe wa kamati husoma majalada thelathini kwa asubuhi moja, na barua ya kurasa nne ya machozi hairukwi kwa ubaya, inarukwa kwa uchovu. Kwa hali yako mimi ningeandika hivi:

"Nilisajiliwa Novemba 2022. Muda wa kawaida wa masomo yangu uliisha Novemba 2024, nikiwa nimemaliza kukusanya data na nikiwa na mimba ya miezi saba. Sikuomba nyongeza kwa wakati, na kosa hilo ni langu. Nilijifungua Januari 2025 (kiambatisho A). Msimamizi wangu aliondoka chuoni katikati ya mwaka 2025 na sikupangiwa mwingine. Nimekamilisha sura ya kwanza hadi ya tatu na sehemu ya sura ya nne (kiambatisho B). Ninaomba nyongeza ya muda hadi Novemba 2026 na kupangiwa msimamizi, kwa ratiba iliyoambatishwa (kiambatisho C)."

Basi. Sentensi ya "kosa hilo ni langu" inawauma wengi, wanataka kuifuta. Iache. Inamwondolea mjumbe mkali hoja aliyokuwa ameishika mkononi. Kiambatisho A ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto au kadi ya kliniki. Kiambatisho C ndicho kitakachokuokoa, nitakirudia. Barua iende kwa mkurugenzi wa masomo ya uzamili, kupitia kwa mkuu wa idara. Usimruke mkuu wa idara hata kama mna ukaribu na mkurugenzi. Jambo la kwanza atakalofanya mkurugenzi ni kuirudisha idarani kwa maoni, na hapo umepoteza wiki tatu.

Tena ipeleke nakala mbili. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mwanafunzi wa uzamivu kwenye chuo ambacho sitakitaja, niliandika ombi langu la nyongeza miezi miwili kabla ya muda kuisha, nikaona nimekuwa kijana wa mfano. Nikalikabidhi ofisini kwa mkono, nikarudi Mwanza kwa basi. Barua ilikaa chini ya rundo la mitihani ya watu wengine miezi mitano. Nilipoulizwa ushahidi kwamba niliileta, nilikuwa na kumbukumbu ya rangi ya shati alilovaa yule karani. Nilipoteza mwaka. Tangu siku hiyo sijapeleka barua popote bila nakala ya pili kugongewa muhuri wa "imepokelewa" masjala, na tarehe.

Kuhusu pesa: usikimbilie kulipa kwa tumaini kwamba malipo yatafufua usajili. Yatapokelewa, na bado utabaki "hajasajiliwa". Idhini kwanza, ndipo uombe kontroli namba. Ila waulize wahasibu mapema deni litakuwa kiasi gani, kwa sababu vyuo vingi hutoza ada ya mwaka uliopita bila usajili pamoja na ada ya nyongeza, na si hela ndogo kwa mshahara wa mwalimu.

Msimamizi. Hapa una haki kuliko unavyodhani. Msimamizi akiondoka, anayepaswa kukupatia mwingine ni idara, na jina lake hupitishwa na kamati. Huna wajibu wa kuzunguka korido ukibembeleza. Unaweza kupendekeza jina, na ni busara, lakini deni ni lao. Yule wa zamani mwandikie kwa adabu, umwombe ukurasa mmoja unaosema mlifika wapi na sura zipi aliziridhia. Wengi hukubali, wanajua waliondoka kimyakimya na nafsi zinawasuta. Kanuni za vyuo kadhaa zinaruhusu abaki kama msimamizi wa pili akiwa nje.

Jihadhari na jambo moja. Msimamizi mpya huja na nadharia yake mpendwa, naye atatamani uibomoe sura ya pili uijenge upya. Ngao yako ni pendekezo lililopitishwa Machi 2024. Lile ni makubaliano kati yako na chuo kuhusu swali, mbinu na eneo. Mwambie kwa unyenyekevu kwamba uko tayari kwa kila sahihisho lililo ndani ya pendekezo, na kwamba nje ya hapo muda hauruhusu. Na baada ya kila kikao naye, mtumie barua pepe ya mistari mitano: leo tumekubaliana hivi na hivi. Ikifika wakati wa kujaza ripoti ya maendeleo, ambayo vyuo vingi huitaka kila miezi sita, utakuwa na kumbukumbu. Nina hakika ripoti zako za mwaka 2025 hazipo. Usizitunge sasa kwa tarehe za nyuma. Huo ni udanganyifu, na udanganyifu ndio unaodiskosha watu haraka kuliko kuchelewa.

Jambo ambalo hukuuliza: vibali. Uligusa mialo ya wilaya mbili. Bila shaka ulianza na barua ya chuo kwenda kwa katibu tawala wa mkoa, ukapewa barua za kushuka Ilemela na Ukerewe, kisha watendaji wa kata, wa mtaa na wa kijiji, hadi viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi, pale ufukweni. Zitoe zote, uangalie tarehe. Ulikusanya data Juni hadi Septemba 2024, ukiwa bado ndani ya miezi 24, kwa hiyo upande huo uko salama, na ni bahati kubwa. Lakini ukitaka kurudi Kayenze kuongeza mahojiano mawili matatu, usirudi na barua ya zamani wakati usajili wako umelala. Subiri nyongeza ipite, uombe barua mpya. Na kama pendekezo lilitaja Kayenze tu, na Ukerewe ukaiongeza kwa sababu meli ya Nansio ilikuwa karibu, omba mabadiliko hayo yaidhinishwe sasa, pamoja na kichwa cha tasnifu kama nacho kimeguswa. Nimewahi kuona tasnifu nzuri ikikwama mezani kwa sababu kichwa cha kwenye jalada na kichwa cha kwenye gamba havikufanana. Kwa maneno matatu tu.

Sasa kiambatisho C. Hesabu kwa kurudi nyuma. Miezi yako 48 inaisha Novemba 2026. Uliza kwanza, kwa maandishi, ukomo huo unaishia wapi: siku ya kuwasilisha tasnifu kwa ajili ya kutahiniwa, au siku matokeo yanapopitishwa? Vyuo vingi huhesabu kuwasilisha, lakini usikisie. Tukichukua kuwasilisha, vyuo vingi hutaka taarifa ya nia ya kuwasilisha miezi mitatu kabla, hiyo ni Agosti. Kabla ya hapo msimamizi asome rasimu nzima na ipimwe kwa programu kufanana kwa maandishi yake na ya wengine. (Ile asilimia ya programu si hukumu ya wizi, sehemu za mbinu na majina ya taasisi hufanana kwa kila mtu. Cha kuogopa ni aya nzima iliyokopwa kutoka sehemu moja.) Kwa hiyo rasimu kamili iwe mkononi mwa msimamizi mwanzoni mwa Julai. Una miezi minne na likizo ya Juni. Sura ya nne nusu, ya tano nzima, na kupitia upya zile tatu. Kwa mwalimu mwenye mtoto wa mwaka mmoja ni kazi ya alfajiri, lakini inawezekana. Ratiba hiyo iweke kwa wiki, si kwa miezi. Kamati huamini wiki.

Ikishawasilishwa, tasnifu huenda kwa mtahini wa ndani na mtahini wa nje. Desturi hii ni ya zamani kuliko vyuo vyetu: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na hata baada ya kusimama peke yake mwaka 1970 desturi nyingi za kutahini zilibaki, vyuo vilivyofuata vikazirithi. Hukumu kwa kawaida huwa tano: imepita kama ilivyo, imepita baada ya kusahihisha makosa ya uchapaji, imepita baada ya marekebisho, haijakubaliwa ila iandikwe upya na kuwasilishwa tena, imekataliwa kabisa. Ya kwanza sijaiona zaidi ya mara mbili maishani. Ya tatu ndiyo ya watu wengi, na hata wenye vichwa vikali huipata, kwa hiyo ukiipata usijifungie chumbani. Andaa jedwali: safu ya kwanza maoni ya mtahini, ya pili ulichofanya, ya tatu ukurasa. Pale usipokubaliana naye sema hivyo, na utoe sababu. Masahihisho nayo yana tarehe ya mwisho. Kuna watu waliofaulu, wakasherehekea na kuchinja mbuzi, wakasahau kurudisha nakala iliyosahihishwa, na majina yao hayakusomwa kwenye mahafali.

Kama kamati itakataa nyongeza, utakuwa na dirisha la kukata rufaa, kwa kawaida fupi la wiki chache tu. Rufaa husikilizwa utaratibu ulipokiukwa au palipo na ushahidi mpya. Wewe unayo hoja ya utaratibu: uliachwa bila msimamizi tangu katikati ya 2025, na idara haikufanya iliyopaswa kufanya. Usiitumie kwa ukali kwenye barua ya kwanza. Iweke akiba.

Na mwenzako wa Magu mpigie simu. Mwaka wa kuahirisha ukiisha mtu harudi darasani kwa kufungua tu portali. Kurudi nako huombwa kwa barua, kabla ya muhula kuanza. Asipoiandika, mwakani ataniuliza swali hilihili, naye hatakuwa na sura tatu za kuambatisha.